Skuna Clarence: kwa nini chombo cha kubebea kondoo kifukuliwe, kipimwe, kisha kifukiwe tena?

Mwalimu wa Kigamboni (mleta mada)

Habari za jioni wanajamvi.

Ninafundisha historia katika shule ya sekondari huku Kigamboni, na wanafunzi wangu wengi ni watoto wa wavuvi, mabaharia na makuli wa bandarini. Tulipofika kwenye mada ya biashara ya kikoloni niliona si vema tubaki na majina ya magavana na makampuni peke yake, bali tuviangalie pia vyombo vilivyobeba shehena yenyewe. Katika kutafuta mfano nilikutana na habari za skuna (aina ya chombo cha matanga) moja iitwayo Clarence. Iliundwa mwaka 1841 kando ya mto Williams katika koloni la New South Wales, huko Australia, ikabeba mizigo kati ya bandari za makoloni yale kwa miaka tisa, kisha ikapotea mwaka 1850 ndani ya ghuba ya Port Phillip, jirani na mahali paitwapo St Leonards, ikiwa imepakia kondoo.

Kuzama kwa chombo si jambo geni kwetu sisi watu wa pwani. Lililonishughulisha ni kwamba mwaka 2012 wanaakiolojia wa Australia walikwenda mahali pale, wakafukua sehemu ya mabaki, wakaipima na kuichunguza kwa makini makubwa, kisha wakaifukia upya chini ya mchanga. Clarence haikubeba dhahabu, haikupigana vita yoyote, wala haikumchukua mtu mashuhuri. Ilikuwa chombo kidogo cha milingoti miwili ambacho hakikufikia hata tani 100.

Naomba wenye ujuzi mnisaidie. Kwa nini wafanyabiashara wa wakati ule walizipenda skuna? Inakuwaje chombo kipotee ndani ya ghuba, ambako mtu angedhani ndiko kwenye usalama? Na kuna faida gani ya kufukua kitu kisha kukirudisha kilipokuwa? Ningependa majibu ambayo nitaweza kuyapeleka darasani.

Mzee wa Tezi

Mwalimu, asante kwa mada nzuri. Nimefanya kazi ya bahari muda mrefu, na vyombo vya matanga nimevisoma kwa mapenzi, kwa hiyo nitajibu maswali yako mawili ya kwanza na la tatu nitawaachia wenye fani yake.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Melbourne ilianza mwaka 1835, na wilaya ya Port Phillip ilibaki kuwa sehemu ya New South Wales hadi Julai 1851 ilipotengwa na kuwa koloni la Victoria. Reli ya kwanza ya Melbourne, ile fupi ya kwenda ufukweni Sandridge, ilifunguliwa Septemba 1854. Maana yake ni kwamba katika miaka yote ambayo Clarence ilifanya kazi hapakuwa na reli hata moja mahali pale, na barabara za kupitisha mzigo mzito kutoka Sydney hadi Melbourne zilikuwa za shida mno. Bahari ndiyo iliyokuwa njia. Unga, viazi, mbao, sufu, mifugo, barua na watu, vyote vilipita majini, na kwa sehemu kubwa vilibebwa na vyombo vidogo ambavyo havikuandikwa sana magazetini isipokuwa siku ya kuondoka, siku ya kufika, na siku ya kupotea.

Sasa kwa nini skuna. Meli kubwa za kuvuka bahari kuu zilitumia matanga ya mraba yanayokaa kukingama na chombo, ambayo ni mazuri sana upepo ukitoka tezi, yaani nyuma ya chombo, lakini hayaendi vizuri upepo ukitoka omo, yaani mbele. Biashara ya pwani haiwezi kungoja upepo wa tezi, kwa sababu leo unakwenda kusini na wiki ijayo unarudi kaskazini kwa njia ileile. Matanga ya skuna yamepangwa kufuata urefu wa chombo, kutoka omo kuelekea tezi, kwa hiyo skuna hupiga bisha (kwenda kwa kupindapinda dhidi ya upepo) vizuri na kuukaribia upepo zaidi. Sisi wa pwani hii hilo tunalielewa upesi, kwani tanga la jahazi nalo limepangwa kwa mtindo huo wa kufuata urefu wa chombo. Tofauti iko kwenye kugeuka. Katika jahazi, ukitaka tanga lihamie upande wa pili, foromali, yaani mti unaoshikilia tanga, lazima ipitishwe upande mwingine wa mlingoti, na foromali ya jahazi kubwa ni mti mzito unaohitaji mikono mingi na nahodha anayejua kungoja wakati wake. Katika skuna tanga limefungwa kwenye mlingoti wenyewe kwa upande wake wa mbele, hivyo chombo kikigeuza omo kupita kwenye upepo, tanga linajihamisha lenyewe na mabaharia wanarekebisha kamba tu. Watu wachache wanatosha. Katika makoloni ambako vibarua walikuwa adimu na mishahara yao mikubwa, jambo hilo peke yake lilitosha kumfanya tajiri wa chombo achague skuna.

Jambo jingine ni kina. Bandari nyingi za kule zilikuwa midomo ya mito yenye fungu la mchanga mbele yake, na chombo chenye mkuku (uti wa chini wa chombo) mrefu kingebaki nje kikitazama. Skuna ndogo iliweza kungoja maji kujaa, ikavuka fungu, ikaingia mtoni, ikapwelewa salama kwenye tope huku ikipakia, kama mashua zetu zinavyofanya Rufiji na Kisiju. Lakini mafungu hayohayo ndiyo yaliyoziua. Skuna nyingine mashuhuri zaidi, Enterprize, iliyoundwa Hobart mwaka 1830 na kununuliwa na John Pascoe Fawkner, ndiyo iliyowafikisha walowezi kwenye mto Yarra tarehe 30 Agosti 1835, mahali palipokuja kuwa jiji la Melbourne. Pamoja na sifa yote hiyo, baadaye ilirudi kwenye kazi ya kubeba mizigo kama skuna nyingine yoyote, na mwaka 1847 ikavunjika kwenye fungu la mlango wa mto Richmond, watu wawili wakapoteza maisha. Hivyo ndivyo maisha ya vyombo hivi yalivyokuwa: safari fupi nyingi, mapumziko machache, matengenezo ya harakaharaka, na mwisho wake mara nyingi ulikuwa karibu na nchi kavu.

Hapo ndipo naingia kwenye swali lako la pili. Mwalimu, usiwaache vijana wakadhani kwamba ghuba ni mahali salama wakati wote. Port Phillip ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 2,000, lakini maji yake si ya kina kirefu, na upande wa kusini, karibu na mlango wake mwembamba, kuna mafungu mengi ya mchanga. Upepo ukivuma kwa nguvu juu ya maji mapana yenye kina kifupi, huinua mawimbi mafupi, yaliyosimama wima na kufuatana upesi. Chombo kilichotia nanga hapo hakipandi na kushuka kwa utaratibu, bali kinanyanyuliwa ghafla na kuivuta nanga kwa mishtuko. Clarence ilikuwa imetia nanga kujikinga na hali mbaya ya hewa, mnyororo wa nanga ukakatika, nayo ikasukumwa hadi kwenye fungu upande wa demani, yaani ule upepo unakoelekea. Nahodha aliyekatikiwa na nanga karibu na fungu hana nafasi ya kutweka matanga na kupata mwendo kabla mkuku haujagusa, na ukishagusa mara ya kwanza, kila wimbi linalofuata linamsogeza ndani zaidi.

Kuhusu mnyororo wenyewe, kumbuka kwamba katika miaka ile minyororo ya chuma ilikuwa imekwisha chukua nafasi ya amari (kamba nene za nanga) za katani kwenye vyombo vingi, lakini sheria ya Uingereza iliyolazimisha nanga na minyororo ipimwe nguvu kabla ya kuuzwa ilipitishwa mwaka 1864, yaani miaka 14 baada ya Clarence kupotea. Baharia alikuwa anayakabidhi maisha yake kwa pete za chuma ambazo hakuna aliyelazimika kuthibitisha uzima wake. Mimi hilo linanigusa kuliko habari yote iliyobaki.

Mkazi wa Ilala

Wakubwa shikamooni. Nimesoma kwa faida, lakini naomba kutofautiana kidogo kwa heshima. Naelewa umuhimu wa kuchunguza manowari kama Königsberg ya Wajerumani iliyozamishwa kwenye delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, kwa sababu vita ile iligusa maisha ya mamilioni ya watu wa nchi hii. Lakini chombo cha kubeba kondoo kinaweza kutuambia nini ambacho vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara na kumbukumbu za forodha hazituambii? Kazi ya chini ya maji ni ya gharama kubwa mno. Kama nchi tajiri inaweza kumudu, sawa, ila sidhani kama mfano huu unatufaa sisi.

Mpiga Mbizi wa Msasani

Ndugu wa Ilala, swali lako ni la haki. Nimesomea akiolojia na ninapiga mbizi, kwa hiyo nitajaribu kulijibu pamoja na swali la tatu la Mwalimu.

Kumbukumbu za forodha zinaeleza nini kilipakiwa, lini, na kwa ajili ya nani. Hazielezi chombo kiliundwaje. Mafundi wa vyombo vidogo vya makoloni walifanya kazi kwa macho na uzoefu wao, na michoro ya skuna za kawaida za wakati ule imebaki michache sana. Tena walikuwa wanatumia miti ambayo baba zao huko Ulaya hawakuwahi kuipasua: mikaratusi ya aina mbalimbali, mizito na migumu, ambayo wakaguzi wa London, waliozoea mwaloni na kupanga daraja la meli kwa kuangalia aina ya mbao na miaka iliyotarajiwa kudumu, hawakuwa na uzoefu nayo. Fundi wa mto Williams alilazimika kuamua mwenyewe ni mti gani uwe mkuku, upi uwe mataruma (mbavu za chombo), upi ubebe mbao za ubavuni, na kama inafaa kutumia misumari ya shaba, ya chuma au vigingi vya mti. Majibu ya maswali hayo hayamo katika karatasi yoyote. Yamo ndani ya mbao zenyewe, na njia ya kuyapata ni kuzipima na kuchukua vipande vya kuchunguzwa kwa hadubini ili kujua ni mti gani. Kwa sababu hiyo chombo cha kawaida kina thamani kubwa kwa mtafiti, maana meli ya kifalme iliundwa mara moja kwa amri maalumu, ilhali vyombo kama Clarence viliundwa kwa wingi na ndivyo vilivyobeba uchumi wa nchi.

Sasa, kwa nini wafukue na kufukia. Mbao zilizozama huliwa na minyoo watoboao mbao, ambao kwa kweli ni viumbe wa jamii ya chaza na kome, na viumbe hao huhitaji hewa ya oksijeni iliyoyeyuka majini. Sehemu ya chombo iliyofunikwa na mchanga au tope zito haipati oksijeni, kwa hiyo minyoo hawaishi humo na hata bakteria hufanya kazi yao polepole mno. Ndiyo maana katika mabaki mengi tunakuta sehemu ya juu imekwisha kabisa na sehemu ya chini, iliyolala kwenye mchanga, iko imara kiasi cha kuonyesha alama za tezo. Watu wa pwani yetu wanalijua adui huyu tangu zamani, na ndiyo sababu jahazi hupwelezwa, likachomwa moto wa makuti chini ya tumbo, kisha likapakwa shahamu ya mafuta na chokaa.

Mabaki ya Clarence yalikuwa na balaa jingine. Yapo mahali ambapo watu huvua samaki kwa mashua za starehe, na kila nanga iliyoshuka hapo ilivunja mbao na kufungua mchanga uliokuwa unazihifadhi. Eneo likawekwa chini ya ulinzi wa sheria na kutia nanga kukapigwa marufuku, lakini uharibifu haukukoma. Wangeendelea kuyaacha hivyo yangemalizika bila kusomwa. Wangeyatoa yote nje, wangeingia kwenye gharama ambayo Ndugu wa Ilala anaiogopa, na anaiogopa kwa haki. Mbao zilizokaa majini zaidi ya karne moja hujaa maji ndani ya chembe zake, na zikikauka bila tiba hunywea, zikapasuka na kujikunja. Meli Vasa ya Sweden, iliyopandishwa mwaka 1961, ilinyunyiziwa dawa ya poliethilini glikoli kwa miaka 17, na Mary Rose ya Uingereza, iliyopandishwa mwaka 1982, iliendelea kunyunyiziwa hadi 2013. Skuna ya kondoo haiwezi kupata jengo na bajeti ya namna hiyo.

Wakachagua njia ya katikati. Walileta jukwaa la kufanyia kazi juu ya maji, wataalamu na wapiga mbizi wa kujitolea wakafukua sehemu iliyo hatarini, wakapima na kupiga picha kila kitu, vitu vidogo vikachunguzwa haraka na kurudishwa chini ya bahari katika makontena yaliyofukiwa jirani na chombo, kisha mahali pote pakafunikwa kwa maturubali na magunia ya mchanga ili oksijeni isifike na nanga zisiguse mbao. Baada ya hapo waliendelea kufuatilia hali ya maji na mchanga kuona kama ulinzi unafanya kazi. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 kuhusu urithi wa chini ya maji unasema vilevile, kwamba kuhifadhi kitu mahali kilipo ndilo chaguo la kufikiriwa kwanza.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kufukia hakupotezi kazi iliyofanyika. Vipimo vimekwisha patikana, na mbao zimebaki kwa ajili ya watakaokuja na maswali ambayo sisi hatujayafikiria.

Mwalimu wa Kigamboni (mleta mada)

Shikamoo Mzee wa Tezi, na asanteni nyote. Maelezo ya mnyororo na ya oksijeni nitayatumia kama yalivyo.

Naomba niongeze swali, kwa sababu nina hakika wanafunzi wataniuliza. Je, majahazi yetu yaliyobeba boriti za Rufiji, chokaa, nazi na chumvi wakati wa Wajerumani na wa Waingereza yana ulinzi gani? Nimesoma kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu na majengo ya kabla ya mwaka 1863, na inataja pia milango ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Jahazi lililoundwa mwaka 1900 linaangukia wapi? Mlango wa nyumba ya tajiri wa chombo unaweza kulindwa, na chombo kilichomtajirisha kisilindwe?

Binti wa Rufiji

Mwalimu, mimi nimezaliwa katika familia ya mafundi wa vyombo, na swali lako la mwisho limenichoma. Kwa uelewa wangu waziri mwenye dhamana anaweza kutangaza kitu kuwa cha kulindwa hata kama hakikidhi tarehe hizo, lakini lazima kwanza awepo mtu wa kusema kwamba kitu hicho kipo na kina thamani. Majahazi yetu hayana mtu huyo.

Tatizo letu si lile la Australia. Kwao chombo kilizama kikaachwa. Kwetu chombo hakiachwi. Jahazi likichoka, huvutwa ufukweni, likang'olewa misumari ya kuuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, mbao nzuri zikaingia kwenye chombo kingine, na siku hizi zinanunuliwa kwa bei ya juu kutengenezea meza, vitanda na fremu za vioo kwa ajili ya hoteli. Siwalaumu wauzaji hata kidogo, maana mbao hizo ni mali yao na wana watoto wa kusomesha. Lakini taruma likishakatwa kuwa mguu wa meza, hakuna anayeweza tena kujua lilikaaje ndani ya chombo, fundi alichagua tawi la namna gani ili kona ya asili ya mti ifuate mkunjo wa tumbo, na nafasi kati ya taruma na taruma ilikuwa kiasi gani. Mafundi wetu nao hawachori. Jahazi zima liko kichwani mwa fundi, naye anatumia kamba, shubiri na jicho lake, na wengi waliojua kuunda jahazi kubwa wamekwisha tangulia mbele ya haki.

Kuhusu zile zilizozama kwenye miamba na mafungu yetu, tusisahau uvuvi wa baruti. Mlipuko unaovunja matumbawe hauwezi kuiacha mbao kuukuu iliyolala pembeni yake.

Kwa Ndugu wa Ilala ningependa kusema kwamba kwetu kazi hii haihitaji jukwaa la baharini wala makontena, kwa kuwa vyombo vingi viko juu ya mchanga mkavu, vinasubiri kupasuliwa. Mwalimu ana wanafunzi, wanafunzi wana futi kamba na simu zenye kamera. Mwombeni mwenye chombo ruhusa kabla hajaanza kukipasua. Pimeni urefu wa mkuku, upana wa mbao za ubavuni, umbali kati ya mataruma kuanzia omo hadi tezi, na unene wa kitako cha mlingoti. Andikeni kila sehemu ni mti gani, mvule au mwembe au mkoko, na kama hamjui, muulizeni fundi mzee yeyote, atajibu kwa kunusa tu kipande kilichokatwa karibuni. Muulizeni pia chombo kiliundwa wapi, nani alikuwa fundi wake, kilibeba nini, na kilibadilishwa nini kila kilipotengenezwa. Hapo mtakuwa mmepata mambo ambayo Waaustralia walilazimika kuyatafuta chini ya bahari.

Mkazi wa Ilala

Dada, nimekuelewa, na kwa njia hiyo sina pingamizi tena. Swali moja tu: mvuvi akinasa kipande cha mbao ya chombo cha zamani kwenye wavu, akiwa mbali na Dar es Salaam, afanye nini?

Mpiga Mbizi wa Msasani

Asivute kwa nguvu. Kama wavu unaweza kunasuliwa bila kung'oa kitu, aunasue na kukiacha pale kilipo. Achukue alama za mahali pale kwa vitu viwili au vitatu vya nchi kavu vinavyoonekana vizuri, kama mnara, mbuyu au ncha ya kisiwa, au kwa simu kama ina uwezo huo, na aandike kina cha maji na hali ya chini, kama ni mchanga, tope au mwamba. Kipande kikiwa kimekwisha panda chomboni, asikianike juani. Kikae ndani ya maji ya bahari kwenye ndoo au pipa, kifunikwe, mpaka taarifa ifike kwa ofisa utamaduni wa wilaya au kwa Idara ya Mambo ya Kale. Na mahali penyewe asipatangaze kijiweni, kwa sababu wanunuzi wa vyuma chakavu watafika kabla ya mtafiti.